Mrija wa chakula na kucheua kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia: mwongozo kamili

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hawezi kukuambia kwamba kifua kinamwaka moto. Ana mrija wa hewa kooni, amepewa dawa za kumtuliza, na pengine hajui hata kama ni usiku au mchana. Kiungulia ambacho mtu mwingine angekilalamikia baada ya kula, kwake hakina sauti. Utakigundua kwa njia nyingine: chakula cha mrija kinachotokea kinywani unapomsafisha, tumbo lililojaa, makohozi yaliyobadilika rangi, au oksijeni inayoshuka bila sababu ya wazi.

Nimewaandikia wauguzi, matabibu na wanafunzi wanaomhudumia mgonjwa wa namna hii, na pia ndugu anayekaa kando ya kitanda au anayemtunza nyumbani mgonjwa mwenye mrija wa hewa ulioingizwa shingoni. Maagizo ya daktari wa mgonjwa wako na taratibu za wodi yako hutangulia. Kazi ya maelezo haya ni kukusaidia kujua kwa nini unaambiwa ufanye hivi na si vile.

Niliseme mapema lile ambalo wengi hulipindua: dawa ya kupunguza tindikali haizuii chakula kupanda. Hupunguza ukali wa kile kinachopanda, basi. Kinachokizuia kisipande ni mkao wa mgonjwa, mahali ncha ya mrija ilipo na kasi unayomlisha nayo. Wodi inayotoa omeprazoli kila asubuhi huku wagonjwa wamelala chali haijawakinga na kucheua, yaani chakula na tindikali kupanda kutoka tumboni.

Kwa nini chakula hupanda

Pale umio unapoingia tumboni kuna msuli wa mviringo unaojifunga baada ya tonge kupita. Mrija wa puani hupita katikati ya msuli huo na kuuacha wazi kidogo usiku na mchana. Mtu mwenye fahamu anayekaa wima angeweza kulimudu hilo: tindikali ikipanda, humeza, mate yake huizimua na umio huisukuma chini. Mgonjwa wetu hamezi.

Kisha yapo mengine yanayojumlishwa. Amelazwa. Dawa za maumivu za jamii ya mofini hulegeza tumbo na utumbo, chakula kikakaa muda mrefu pasipo kusukumwa mbele. Sukari ya damu ikipanda, tumbo huchelewa zaidi kumwaga kilichomo. Jeraha la kichwa, maambukizi makali ya damu, dawa za kupandisha shinikizo la damu, kutopata choo kwa siku nyingi, vyote huvuta upande huohuo.

Kinachopanda hadi kooni hukutana na puto la mrija wa hewa. Wengi hudhani puto hilo ni kizibo kamili. Sivyo. Limewekwa ili hewa ya mashine isivuje, na majimaji yaliyotuama juu yake hupenya kidogo kidogo kupitia mikunjo yake hadi mapafuni. Huko madhara ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kuungua: tindikali kali huchoma mapafu ndani ya muda mfupi, jambo ambalo daktari Mmarekani Curtis Mendelson alilieleza mwaka 1946 kwa akina mama waliopewa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Ya pili ni nimonia, kwa sababu majimaji yale hubeba vijidudu vya kinywani na vya tumboni. Tindikali yenyewe huua vijidudu vingi, kwa hiyo ukiizima kabisa unapunguza kuungua na papo hapo unaviachia vijidudu nafasi ya kuzaliana tumboni.

Hatua ya 1: Chagua mrija na njia yake

Njia ya kawaida ni puani. Lakini mgonjwa aliyevunjika sakafu ya fuvu au mifupa ya uso hapitishiwi mrija puani, maana unaweza kuelekea ubongoni. Wake hupita kinywani. Fikiria njia hiyo pia kwa mgonjwa ambaye damu yake haigandi vizuri.

Mrija mnene, namba 14 hadi 16, unafaa kufyonza kilichomo tumboni siku za mwanzo, ila ni mgumu na huacha vidonda puani ukikaa sana. Mwembamba, namba 8 hadi 12, ni laini na mgonjwa huuvumilia, lakini huziba upesi na hujikunja ukijaribu kuvuta kwa bomba la sindano. Utasikia ikisemwa kwamba mrija mwembamba hupunguza kucheua. Ushahidi wake ni hafifu. Mimi ningeuchagua kwa ajili ya pua ya mgonjwa, na nisingetegemea zaidi ya hapo.

Na mrija unaoingizwa moja kwa moja tumboni kupitia ngozi? Huo ni wa mtu atakayelishwa kwa mrija zaidi ya wiki 4 hivi. Chakula bado huingia tumboni, na kutoka tumboni bado kinaweza kupanda.

Hatua ya 2: Pima na upitishe

Pima kutoka ncha ya pua hadi kwenye ndewe ya sikio, kisha hadi chembe cha moyo. Kipimo hiki kinafundishwa kila mahali, na kasoro yake ni kwamba mara nyingi huwa kifupi. Ndiyo maana wodi nyingi huongeza sentimita kadhaa, hadi 10. Kwa mtu mzima mrija wa puani kwa kawaida huishia alama ya sentimita 50 hadi 60 kwenye tundu la pua. Ufupi huu una uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu: mrija una matundu pembeni, juu ya ncha. Ncha ikiingia tumboni kidogo tu, matundu ya juu hubaki ndani ya umio, na chakula unachokitia humwagika juu ya msuli ule badala ya chini yake. Hapo mgonjwa hajacheua. Wewe ndiye uliyeanza kumlishia kwenye umio.

Paka ncha mafuta yanayoyeyuka majini, inamisha kichwa cha mgonjwa mbele kidogo kama shingo yake haina jeraha, kisha sukuma taratibu. Ukikutana na ukinzani, rudi nyuma. Usilazimishe.

Mgonjwa aliyetulizwa kwa dawa anaweza asikohoe hata mrija ukiingia kwenye njia ya hewa, na puto la mrija wa hewa halitoshi kuuzuia. Sikiliza mashine. Ikianza kulia kwamba hewa inavuja au kiasi cha pumzi kinachorudi kimepungua wakati unasukuma, ondoa mrija wako. Ukijikunja kinywani mara kwa mara, mwite mtu mwenye ujuzi wa kutazama koo kwa kifaa chenye taa na kuuongoza kwa macho.

Hatua ya 3: Thibitisha kabla ya tone la kwanza

Hapa sina ulegevu wowote. Kwa mgonjwa wa mashine, picha ya eksirei ya kifua ipigwe na isomwe na mtu aliyefundishwa kuisoma kabla ya kuingiza chakula, maji au dawa.

Kwenye picha mrija ushuke katikati ya kifua. Upite pale njia ya hewa inapogawanyika bila kufuata tawi lolote. Uvuke kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, ukiwa bado katikati. Kisha upinde kushoto na ncha ionekane chini ya kiwambo. Sharti moja likikosekana, hakuna kulisha. Angalia pia umbali wa ncha kutoka pale umio unapoishia, kwa sababu ya yale matundu ya pembeni.

Karatasi ya kupima tindikali nayo ina kazi. Namba yake (pH) ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi. Majimaji yaliyovutwa yakisoma 5.5 au chini, kuna uwezekano mkubwa ncha ipo tumboni. Shida ni kwamba wagonjwa wengi wa mashine wanatumia dawa ya kupunguza tindikali, au chakula kinaingia mfululizo, na yote mawili hupandisha namba. Namba ikiwa juu, usijipe moyo kwa kusema ni dawa tu. Rudi kwenye picha.

Ile desturi ya kusukuma hewa kwa bomba na kusikiliza mlio tumboni iachwe. Mlio husikika vilevile mrija ukiwa kwenye pafu au kwenye umio. Uingereza, wakala wa usalama wa wagonjwa alikataza kuitegemea tangu mwaka 2005. Kutumbukiza mwisho wa mrija kwenye maji na kutafuta mapovu ni hivyohivyo, na rangi ya majimaji peke yake haithibitishi kitu.

Ukishathibitisha, andika alama ya sentimita iliyo kwenye tundu la pua na uweke mstari kwa kalamu isiyofutika. Bandika plasta bila kuuvuta mrija juu, maana plasta inayovuta huacha kidonda cha pua. Alama hiyo isomwe kila zamu, na kila baada ya kutapika, kukohoa sana, kugeuzwa au kusafirishwa kwenda kipimo. Mrija uliotoka sentimita 8 haurudishwi ndani kwa kidole na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, uthibitishwe upya.

Hatua ya 4: Mkao

Kama ungeruhusiwa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Inua upande wa kichwa nyuzi 30 hadi 45.

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Barcelona na kuchapishwa mwaka 1999, ukiwa na wagonjwa 86. Kati ya waliolazwa chali, asilimia 34 walishukiwa kupata nimonia. Kati ya walioinuliwa, asilimia 8. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba watu waliinukuu kila mahali na kudhani kazi imekwisha. Mwaka 2006 Waholanzi walijaribu kuwaweka wagonjwa wao kwenye nyuzi 45, wakapima pembe mchana kutwa na usiku kucha. Waligundua kwamba kwa wastani wagonjwa hawakufika hata nyuzi 30, na tofauti ya nimonia haikuonekana. Wengine husoma matokeo hayo kama hoja dhidi ya kuinua kitanda. Mimi nayasoma kama hoja dhidi ya kuandika "nyuzi 45" kwenye faili bila kupima.

Jicho hudanganya. Kitanda kinachoonekana kimesimama vizuri mara nyingi kiko nyuzi 20. Tumia kipimo kilichomo ubavuni mwa kitanda, au kifaa chochote cha kupima pembe. Kisha mtazame mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa aliyeteleza hadi katikati ya kitanda hukunjika tumboni, si nyongani, na tumbo lililokunjwa hukamua chakula juu. Nyonga zake ziwe pale kitanda kinapokunjika, magoti yainuliwe kidogo ili asiteleze tena. Hilo humpunguzia pia msuguano wa ngozi ya makalio, ambao ndio bei ya kumweka wima muda mrefu.

Mwenye jeraha la uti wa mgongo lisiloimarishwa hakunjwi kiunoni. Kitanda chake chote huinamishwa, kichwa juu na miguu chini, mwili ukiwa umenyooka. Shinikizo la damu likiwa chini mno, daktari ndiye ataamua ni nyuzi ngapi anazoweza kuvumilia. Mgonjwa aliyelazwa kifudifudi kwa ajili ya mapafu anaweza kuendelea kulishwa, kitanda kikiwa kimeinamishwa vivyo hivyo, ila chakula husimamishwa na tumbo hufyonzwa kabla ya kumgeuza.

Unapomlaza chali kwa ajili ya kumwogesha au kubadili shuka, simamisha pampu, fanya kazi upesi, mwinue, washa tena. Andika saa uliyosimamisha. Pampu nyingi husimamishwa kwa dakika 10 na kukumbukwa baada ya saa 2, na mwisho wa siku mgonjwa amepata nusu ya chakula chake bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo.

Hatua ya 5: Anza kumlisha, usikimbie

Ikiwa mzunguko wa damu umetulia, chakula cha mrija huanza ndani ya saa 24 hadi 48 tangu kulazwa. Mgonjwa ambaye bado yuko kwenye mshtuko mkali wa mzunguko wa damu, dawa za kupandisha shinikizo zikiongezwa kila saa, asubiri, kwa kuwa utumbo usiopata damu ya kutosha unaweza kufa ukilazimishwa kufanya kazi.

Anza na mililita 10 hadi 20 kwa saa kwa pampu. Akivumilia, ongeza kiasi hichohicho kila baada ya saa 4 hadi 8. Lengo la kawaida ni karibu kilokalori 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na hulazimiki kulifikia siku ya kwanza; siku 3 hadi 7 ni mwendo mzuri. Aliyekonda sana au aliyekaa bila kula kwa siku nyingi apandishwe polepole zaidi, huku fosfati, potasiamu na magnesiamu zikipimwa kila siku, kwani chakula cha ghafla huweza kuziangusha hadi moyo ukayumba.

Kwa mgonjwa mwenye historia ya kucheua, mtiririko wa pole wa pampu ni bora kuliko kumimina mililita 300 kwa mkupuo. Kama pampu hakuna, gawa mlo katika mikupuo midogo, uache ushuke wenyewe kwa uzito wake, na mgonjwa abaki ameinuka kwa saa 1 baada ya hapo.

Chakula cha unga kilichokorogwa kisining'inie zaidi ya saa 4. Kile cha kiwandani kilichofungwa kwenye mfuko wake hukaa hadi saa 24. Sukuma mililita 30 za maji kila saa 4, na kabla na baada ya kila dawa. Dawa zipewe moja moja, zisichanganywe na chakula. Vidonge vya kuyeyuka taratibu au vyenye ganda la kulinda dawa na tindikali havisagwi. Uliza mfamasia kama ipo ya maji. Na kila mara fuata mrija kwa mkono hadi unapoingia mwilini kabla ya kuunganisha chochote, kwa sababu chakula kilichoingizwa kwenye mshipa wa damu huua.

Hatua ya 6: Je, upime kilichobaki tumboni?

Kwa miaka mingi muuguzi alivuta tumbo kila saa 4, na akikuta mililita 200 alisimamisha chakula. Desturi hiyo imewanyima wagonjwa wengi chakula bila kuwakinga. Kiasi kinachovutwa hutegemea unene wa mrija, ncha ilipo na mkono wa anayevuta. Kinaweza kuwa kikubwa kwa mtu asiyecheua na kidogo kwa anayecheua.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Ufaransa wenye wagonjwa 449 wa mashine. Kundi moja lilipimwa kilichobaki tumboni, jingine halikupimwa kabisa na waliangalia kutapika tu. Nimonia ilikuwa takribani sawa: asilimia 15.8 kwa waliopimwa na 16.7 kwa wasiopimwa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 ulipendekeza kipimo hiki kisiwe cha kawaida, na wodi inayoendelea nacho isisimamishe chakula chini ya mililita 500 kama hakuna dalili nyingine.

Wagonjwa waliotoka kupasuliwa tumbo hawakuwemo kwenye utafiti ule wa Ufaransa. Kwao, na kwa mgonjwa ambaye tumbo lake unalitilia shaka, ningeendelea kupima. Kwa wengine muda wako utumie kushika tumbo kwa mkono: limejaa? Linauma akiguswa? Limekuwa gumu kuliko asubuhi? Amepata choo lini? Ukipima, majimaji yaliyovutwa kwa kawaida hurudishwa, isipokuwa yana damu, au ni mengi mno, au utaratibu wa wodi unasema vingine.

Hatua ya 7: Akicheua au kutapika

Hapa mpangilio una maana, kwa hiyo ufuate ulivyo:

1. Simamisha pampu.
2. Inua kichwa cha kitanda. Kama anatapika, mgeuze ubavu ikiwa shingo na mgongo vinaruhusu.
3. Fyonza kinywa na koo kwanza, kisha ndani ya mrija wa hewa. Ukianza na mrija wa hewa, yaliyo juu ya puto yanaendelea kushuka.
4. Unganisha mrija wa chakula na kifyonzi au mfuko, tumbo lipungue.
5. Pima shinikizo la puto, soma alama ya mrija wa hewa na ya mrija wa chakula.
6. Angalia oksijeni, sikiliza mapafu, mwite daktari. Andika saa, kiasi na rangi.

Usikimbilie antibayotiki kwa sababu tu amepaliwa. Kuungua kwa tindikali huleta homa na picha mbaya ya kifua katika saa za mwanzo bila kuwapo maambukizi, na uamuzi huo ni wa daktari anayemfuatilia.

Mambo yakitulia, tafuta sababu. Mrija umesogea? Amepita siku ngapi bila choo? Dawa ya jamii ya mofini imeongezwa? Sukari imepanda? Je, maambukizi mapya yameanza? Tumbo lililovimba likawa gumu kama ngoma, choo chenye damu, shinikizo linaloshuka, hayo si ya kubadilishia mwendo wa pampu. Daktari wa upasuaji amwone sasa hivi.

Sababu ikiwa ndogo, rudisha chakula kwa nusu ya mwendo wa awali badala ya kusubiri kesho. Akiendelea kucheua, daktari anaweza kuongeza dawa ya kusukuma tumbo. Erithromaisini ya mshipa, miligramu 100 hadi 250 mara 3 kwa siku, hufanya kazi vizuri lakini nguvu yake hupungua sana baada ya siku 3 hivi, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hasa ikikutana na dawa nyingine zenye tabia hiyo. Metoklopramidi, miligramu 10 mara 3 kwa siku, hupunguzwa kwa mwenye figo dhaifu na huweza kuleta mikakamao ya misuli. Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliipa kikomo cha siku 5 mwaka 2013. Zote mbili hazitolewi kama utumbo umeziba.

Zikishindwa, kinachofuata ni mrija unaovuka tumbo na kuishia kwenye utumbo mwembamba. Je, si afadhali kila mgonjwa awekewe huo tangu mwanzo? Utafiti wa Australia wa mwaka 2012 wenye wagonjwa 181 haukuona faida ya kuuharakisha: hawakupata chakula zaidi wala nimonia haikupungua. Ni mgumu kuuweka, na unaweza kurudi tumboni. Ubaki kuwa wa wale walioshindwa na njia ya kawaida. Na ukiwekwa, tumbo lenyewe bado linatoa tindikali, kwa hiyo huenda likahitaji mrija wake wa kulimwaga.

Dawa ya tindikali ina kazi gani, basi?

Kazi yake ni kuzuia vidonda vya tumbo vinavyotoa damu. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1994, wagonjwa 2,252, ulionyesha kwamba hatari kubwa iko kwa aliyekaa kwenye mashine zaidi ya saa 48 na kwa ambaye damu yake haigandi. Mwaka 2024 matokeo ya utafiti wa wagonjwa 4,821 wa mashine yalionyesha kwamba pantoprazoli ilipunguza kutoka damu kwa kiasi kikubwa, asilimia 1.0 dhidi ya 3.5, bila kuongeza nimonia na bila kubadilisha idadi ya vifo. Kwa hiyo ipo sababu nzuri ya kuitoa. Iandikwe kwa sababu hiyo, na iondolewe mgonjwa akitoka kwenye mashine na hatari ikiisha. Wengi hurudi nyumbani wakiimeza miezi mingi kwa sababu tu hakuna aliyeifuta kwenye karatasi.

Aliyekuwa na ugonjwa wa kucheua tindikali kabla ya kulazwa ni habari nyingine. Huyo dawa yake isikatizwe. Ulizeni ndugu zake, maana yeye hawezi kusema.

Puto na kinywa

Puto la mrija wa hewa likae kwenye shinikizo la sentimita 20 hadi 30 za maji, lipimwe kwa kipimo chake, si kwa kulibonyeza kwa vidole. Chini ya hapo majimaji hupenya zaidi. Juu ya hapo damu haifiki kwenye ukuta wa njia ya hewa. Kama mrija una tundu la kufyonzea juu ya puto, litumie. Kama hauna, fyonza koo vizuri kabla ya kumlaza, kumgeuza au kugusa puto.

Kinywa kipigwe mswaki. Mwongozo wa Marekani wa kuzuia nimonia ya mashine wa mwaka 2022 unasisitiza mswaki na hauungi mkono tena kusafisha kwa kloriheksidini, dawa ya kuua vijidudu.

Zamani chakula kilitiwa rangi ya buluu ili ionekane kama imefika kwenye makohozi. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya taarifa za wagonjwa kugeuka rangi ya ngozi na vifo. Isitumike.

Kabla ya kutoa mrija wa hewa, na nyumbani

Mahali pengi chakula husimamishwa saa kadhaa kabla ya kutoa mrija wa hewa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuendelea kulisha hadi wakati wenyewe hakukuwa kubaya zaidi. Fuata utaratibu wa wodi yako, lakini kama utoaji umeahirishwa, chakula kirudi mara moja. Mrija wa chakula usitolewe kwa haraka pamoja na ule wa hewa, kwa kuwa mtu aliyekaa na mrija kooni kwa siku nyingi mara nyingi humeza vibaya mwanzoni. Apimwe kumeza kabla ya kupewa maji kwa kikombe.

Ndugu unayemtunza mgonjwa nyumbani mwenye mrija wa shingoni na mashine: mambo ni yaleyale, ila macho ni yako peke yako. Pima pembe ya kitanda kabla ya kumlisha, soma alama ya mrija, lisha polepole, mwache ameinuka. Mrija wa puani ukichomoka, usiurudishe mwenyewe. Piga simu au mpeleke kituo cha afya upesi ukiona chakula kinatoka kwenye tundu la shingo au kwenye makohozi, homa, pumzi za haraka, midomo kubadilika rangi, matapishi yenye damu au mithili ya machicha ya kahawa, au tumbo linalovimba bila choo wala upepo. Chakula simamisha wakati uleule, kabla ya kutafuta simu.